Gwenllian: jina linalotaka pumzi

Maneno haya yalisemwa Cardiff tarehe 7 Julai, kwenye sherehe ya Siku ya Kiswahili Duniani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, akina baba, vijana wetu, na ninyi wenyeji wa Wales mlioketi kule nyuma mkitusikiliza kwa subira, karibuni sana.

Niliombwa nizungumzie majina. Najua kilichosababisha ombi hilo, kwa hiyo nianzie hapo hapo. Mwezi wa Aprili kaka yangu na wifi yangu walijaliwa mtoto wa kike. Wifi ni mzaliwa wa Cydweli, ule mji mdogo wenye ngome, magharibi ya hapa, ambao Waingereza huuandika Kidwelly. Wakampa mtoto jina la Gwenllian. Tangu siku hiyo simu hazijakatika. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Binti yangu, Neema yamekwisha? Rehema yamekwisha? Mtoto atapewaje jina ambalo bibi yake aliyeko Mbulu hawezi kulitamka?" Wengine wamekwisha kulikata wanavyoona wepesi. Kuna wanaomwita Gweni, kuna wanaomwita Liani.

Mimi ni shangazi wa mtoto huyu, na kwetu shangazi ana neno kwenye jina la mtoto. Leo nalisema neno langu mbele yenu.

Mzee wangu, nakujibu kwanza kuhusu bibi. Bibi wa mtoto huyu, yaani mama yangu mzazi, alipigiwa simu siku ya tatu. Wifi akamtamkia jina mara moja. Mama akalirudia pale pale, safi, bila kukosea. Wifi alitoa machozi. Katika miaka yote aliyokaa na sisi hajapata kumsikia mtu wa nje ya Wales akiitamka sauti ile mara ya kwanza.

Msishangae. Ile herufi ya Kiwelisi inayoandikwa kwa l mbili si l ya "lala" wala ya "Halima". Ni pumzi. Ncha ya ulimi inakwenda mahali pa l, nyuma ya meno ya juu, inakaa hapo, halafu hewa inatoka pembeni mwa ulimi bila mlio wa kooni. Waingereza wamekaa jirani na sauti hii zaidi ya miaka elfu moja na wengi wao bado huifanya "thl" au "fl" au l tupu. Lakini Wairaqw wa Mbulu na Karatu wanayo tangu zamani. Sisi tunaiandika sl. Ng'ombe kwetu ni slee, na hiyo sl yake ni ile ile ll ya Gwenllian. Mnamkumbuka Dk. Wilbrod Slaa, aliyegombea urais wa Tanzania mwaka 2010? Nchi nzima ililitaja jina lake kwa s na l ya Kiswahili, moja baada ya nyingine. Kwa Kiiraqw ni sauti moja tu, pumzi ya pembeni. Wazulu nao wanayo, wanaiandika hl.

Kwa hiyo mtoto huyu amezaliwa kati ya watu wawili walio mbali sana, na wote wawili wanaijua pumzi hii. Kaka yangu na mkewe hawakulijua hilo walipochagua jina. Mimi nimelala nalo usiku mwingi.

Na ninyi wa pwani msijione mmeachwa. Kiwelisi kina dh ya "dhahabu", wanaiandika dd. Kina th ya "thelathini". Kina kh ya "kheri", wanaiandika ch. Mkazo wake kwa kawaida unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili: Gwen-LLI-an, sawa na ma-HA-ri. Na zamani Wawelisi hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu alikuwa fulani ap fulani, maana yake bin fulani, au fulani ferch fulani, hiyo f ikitamkwa v, maana yake binti fulani. Gwenllian ferch Gruffydd ni Gwenllian binti Gruffydd. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Maana yake sasa. Gwen ni nyeupe, kwa umbo la kike. La kiume ni gwyn. Lakini weupe huo unabeba pia utakatifu na baraka, kama sisi tunavyosema mtu ana moyo mweupe na hatuzungumzii rangi. Ndiyo gwen mnayoikuta katika Bronwen, katika Ceinwen, katika Dwynwen, mtakatifu ambaye Wawelisi humkumbuka tarehe 25 Januari kama mlezi wa wapendanao. Sehemu ya pili wataalamu huielekeza pengine kwenye lliant, mkondo wa maji, pengine kwenye lliain, kitani. Mimi napenda mkondo. Mtasikia sababu.

Wifi alikulia umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Maes Gwenllian, konde la Gwenllian. Nimefika. Ni malisho ya kawaida, yana majani mabichi na ukungu wa asubuhi, na ngome ya Cydweli haiko mbali.

Gwenllian binti Gruffydd alikuwa binti wa mfalme wa Gwynedd, kaskazini ya Wales, Gruffudd ap Cynan. Aliolewa na Gruffydd ap Rhys, mwana wa watawala wa Deheubarth, kusini-magharibi. Nasema mwana wa watawala kwa sababu utawala wenyewe ulikuwa umekwisha kuliwa. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walikuwa wameingia Wales ngome kwa ngome, na Cydweli ilikuwa mojawapo. Bwana wake aliitwa Maurice de Londres.

Desemba 1135 Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alifariki, ukaanza ugomvi wa kiti chake. Wawelisi waliona mlango umefunguka. Mwanzoni mwa 1136 wakawapiga Wanormani karibu na Gower. Mume wa Gwenllian akapanda kaskazini kwa baba mkwe kuomba jeshi. Akiwa bado huko, Wanormani wakaanza kujikusanya upya Cydweli. Gwenllian hakungoja. Alikusanya wapiganaji aliowapata, akaliongoza jeshi yeye mwenyewe, na wanawe wawili, Morgan na Maelgwn, wakaenda pamoja naye.

Walishindwa. Morgan aliuawa palepale kondeni. Maelgwn alitekwa. Gwenllian aliuawa pia, na masimulizi yanasema alikatwa kichwa. Wenyeji husimulia kwamba mahali kichwa kilipoanguka palibubujika chemchemi. Simulizi ni simulizi, lakini ndiyo maana nasema napenda mkondo.

Mwaka 1188 padri mmoja mwenye asili ya Kinormani na Kiwelisi, Gerald wa Wales, alipita Cydweli safarini, akaandika habari za mwanamke huyu aliyeingia vitani kama malkia wa Waamazoni, wale wanawake wapiganaji wa hadithi za Kigiriki. Nusu karne ilikuwa imepita na bado jina lilikuwa linatajwa. Nanyi mnajua ilivyo. Nusu karne baada ya vita, mara nyingi yanayobaki kwa urahisi ni majina ya walioshinda.

Ila mimi nilivutwa zaidi na mtoto aliyebaki nyumbani. Gwenllian aliacha mtoto wa kiume wa miaka kama minne, Rhys. Mtoto huyu alikua akawa mtawala mkubwa wa Deheubarth, Wawelisi humwita Yr Arglwydd Rhys, Bwana Rhys. Mwaka 1190 aliijenga ngome ya Cydweli, ile ile, ikiwa sasa mikononi mwake. Kabla ya hapo, Krismasi ya 1176, aliwaita washairi na wanamuziki kwenye ngome yake ya Cardigan washindane, na aliweka viti viwili viwe zawadi, kimoja cha ushairi na kimoja cha muziki. Wawelisi huhesabu siku hiyo kuwa mzizi wa Eisteddfod, tamasha lao la kila mwaka ambako hadi leo mshairi bora hupewa kiti. Sisi tuliokua tukisikia malenga wakijibizana kwenye redio tunaelewa maana ya taifa kumpa mshairi kiti.

Na Rhys alipopata binti, alimwita nani? Gwenllian.

Alimrudishia mama yake jina. Wazee wangu, hapo mnielewe kama watu wa kwetu. Mtoto aliyefiwa na mama akiwa na miaka minne, ambaye huenda hata sura yake hakuikumbuka, akikua anaanza tena kulitamka jina lile kila asubuhi ndani ya nyumba yake: njoo hapa, umekula, uko wapi. Kiswahili kina neno moja la ajabu kwa wawili wanaolichangia jina, tunasema ni somo. Somo yake. Bibi na mjukuu ambao hawakuonana.

Huyo Gwenllian binti Rhys aliolewa na Ednyfed Fychan, waziri mkuu wa watawala wa Gwynedd. Kwenye kizazi chao ndiko ilikotoka nasaba ya Tudor, na mwaka 1485 Henry Tudor aliketi kwenye kiti cha Uingereza. Elizabeth wa Kwanza ni mjukuu wake. Damu iliyomwagika kwenye konde la Cydweli iliingia London kwa njia ya mwanamke mwenye jina hili. Nimewapitishia haraka kwa sababu nina mwingine wa kumsimulia, na yeye hakuna aliyemsimulia kwa muda mrefu.

Juni 1282, Abergwyngregyn, kijiji kilicho kati ya milima ya Eryri na bahari. Llywelyn ap Gruffudd, Mkuu wa Wales, anapata mtoto wa kwanza na wa pekee. Ni wa kike. Mama yake ni Eleanor de Montfort, na Eleanor ni binamu wa damu wa Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza. Ndoa yenyewe ilipatikana kwa shida: Edward alimkamata Eleanor baharini akiwa njiani kwenda kwa mumewe, akamweka kizuizini karibu miaka mitatu, ndipo akawaruhusu waoane kanisani Worcester mwaka 1278. Walikaa pamoja miaka isiyofika minne. Eleanor alifariki kwa uzazi. Mtoto akaitwa Gwenllian.

Vita vilikuwa vimekwisha kuwaka. Tarehe 11 Desemba mwaka huo huo Llywelyn aliuawa karibu na Cilmeri, na kichwa chake kikapelekwa London kuonyeshwa watu. Mtoto alikuwa na miezi sita, hana baba, hana mama. Alichukuliwa na baba yake mdogo, Dafydd, naye Dafydd alikamatwa mwaka uliofuata na kuuawa kikatili Shrewsbury mwezi Oktoba 1283. Wanawe wawili walifungwa ngome ya Bristol. Mmoja alifia humo. Mwingine, Owain, alikaa gerezani maisha yake yote, na mwaka 1305 mfalme aliagiza atengenezewe tundu la mbao lililofungwa kwa chuma alazwe humo usiku.

Kuhusu watoto wa kike, mfalme aliandika barua kwa watawa akisema anauhurumia umri wao na jinsia yao, wasije wakaonekana wanalipa makosa ya wakubwa. Huruma yenyewe ilikuwa hivi: wapelekwe utawani, wasiolewe kamwe, wasizae mrithi wa Wales. Gwenllian alipelekwa Sempringham, Lincolnshire, upande wa pili kabisa wa Uingereza, kwenye nchi tambarare ya mabwawa, asikoonekana mlima hata mmoja. Binti yake Dafydd, Gwladys, aliwekwa Sixhills, mkoa huo huo, nyumba nyingine.

Gwenllian aliishi Sempringham mpaka Juni 1337. Alikufa akiwa na miaka 54. Hesabuni wenyewe. Mwaka wake mmoja ulikuwa Wales, na mmoja huo hakuujua.

Wala hakutupwa njaani. Hazina ya mfalme ilimtolea paundi 20 kwa mwaka, na Edward hakuacha kuuliza habari za usalama wa kizuizi chake. Alikula, alivaa, alisali. Mimi kwa kazi yangu ni muuguzi, nimewahudumia wazee wengi waliokaa mbali na lugha zao, na najua mtu anaweza kulishwa vizuri huku jambo fulani ndani yake likifa kwa kukosa kuitwa. Fikirini: mtoto wa miezi kumi na kitu anafikishwa kwa watu ambao hakuna hata mmoja mwenye ile sauti. Ulimi wa kwanza aliousikia ukikoma, hausikii tena. Jina lake limebeba sauti hiyo katikati kabisa.

Na makarani walijaribu. Waliandika Wencilian. Waliandika Wentliane. Ukiyatazama maandishi hayo unaona watu wakiikimbiza sauti wasiyoweza kuikamata. Ile ll imegeuka c, imegeuka t, na g ya mwanzo imeanguka. Hakukuwa na mtu pale wa kumwambia, hapana mwanangu, hivi ndivyo mama yako alivyotaka uitwe. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alipokuwa mgonjwa alimwachia bintiye Mwana Hashima utenzi mzima wa wosia, na sisi tunausoma mpaka leo. Gwenllian aliachiwa neno moja tu, jina lake, na hilo moja likaharibika njiani.

Naomba niseme hili la kwangu halafu niendelee. Nilipoandikishwa darasa la kwanza, aliyekuwa akiandika hakuisikia ile sl katika jina la ukoo wetu. Aliandika alichosikia. Baba hakubisha, kwa kuwa siku zile hukubisha. Jina hilo ndilo lililoko kwenye pasipoti yangu, ndilo linaloitwa hospitalini ninakofanya kazi, na nimeliitikia miaka arobaini. Mimi nilikuwa na baba, na jioni nilirudi nyumbani nikaitwa sawasawa. Yeye hakuwa na jioni ya namna hiyo.

Sempringham ya watawa ilibomolewa katika karne ya 16, wakati Henry wa Nane, mjukuu wa mbali wa akina Gwenllian wale wa kwanza, alipozifunga nyumba za watawa nchini kote. Limebaki kanisa moja peke yake katikati ya mashamba. Katika miaka ya 1990 Wawelisi walikwenda wakasimamisha jiwe la kumbukumbu hapo. Watu huacha maua.

Halafu wakafanya jambo ambalo mimi nililiona kubwa kuliko jiwe. Kwenye safu ya milima ya Carneddau, juu ya kile kijiji alikozaliwa, kuna Carnedd Llywelyn, mita 1,064. Kuna Carnedd Dafydd. Kuna kilele cha Yr Elen, ambacho wengi hukihusisha na jina la Eleanor. Baba, baba mdogo na mama, wote wako huko juu. Kilikuwepo kilele kingine cha mita 926 kilichoitwa Garnedd Uchaf, maana yake tu rundo la mawe la juu. Mwaka 2009 kilibadilishwa jina, kikawa Carnedd Gwenllian, na ramani rasmi zikakiandika. Baada ya miaka zaidi ya 700 mtoto alirudishwa kwa wazazi wake. Na wapanda milima wanaopita pale wakitaka kuuliza njia, hata wawe watoto wa Lincolnshire, inawabidi waijaribu ile sauti.

Jina halikuishia kwa waliolia. Gwenllian Morgan, mtoto wa kasisi, aliyezaliwa 1852, alichaguliwa kuwa meya wa Brecon mwaka 1910, mwanamke wa kwanza Wales nzima kushika umeya, wakati wanawake walikuwa bado hawaruhusiwi kupiga kura kuchagua wabunge. Na vijana wa raga mnamjua Gwenllian Pyrs, mtoto wa mfugaji wa kondoo kaskazini, anayesukuma skramu mstari wa mbele kwa ajili ya Wales tangu 2017 na ambaye nyumbani huswaga kondoo kwa mbwa aliowafundisha mwenyewe. Msichana wetu akitaka umeya au raga, somo zake wapo.

Basi mzee wangu, narudi kwako. Neema na Rehema hayajaisha, na jina la pili la mtoto ni la bibi yake wa Mbulu, lile lenye sl. Hatukulificha, tulikuwa tunangoja leo. Ana pumzi ile mara mbili kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na safari hii kaka yangu alisimama mezani kwa mwandikishaji mpaka herufi zote zikakaa.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Msimwite Gweni. Ana miezi mitatu, bado hajui mnakosea, kwa hiyo muda wa kujifunza mnao. Wifi ameketi pale mbele na mtoto yumo mikononi mwake, macho kodo. Tulijaribu na watoto wa darasa la Jumamosi wakaiweza kwa dakika mbili, hata wa Bukavu na Bujumbura ambao nyumbani hawana sauti hiyo.

Haya, wote pamoja nami. Semeni "Gwe-n", mnyamaze. Ulimi acheni pale pale ulipo, nyuma ya meno, msiushushe. Sasa msiseme kitu, pulizeni tu, hewa itoke pembeni. Mnaisikia? Baba, si kwa koo, kwa pumzi. Sasa malizieni, "i-an". Tena. Wifi, mgeuze mtoto atazame huku.